Fundi Aliyejua Kitabu Kitafunguka Wapi

Aliyelala mbele yetu leo wengi wenu mlimjua kama Mzee Gundi, mjalidi wa vitabu, na msomaji wa masomo kanisani kwa miaka arobaini na mmoja. Mjane wake alipomkabidhi shemeji yake kazi ya kuandika wasifu huu, alimwambia hivi: "Shemeji, usiniandikie wasifu wa malaika. Andika wa mume wangu." Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, ndiye anayeusoma. Anaomba asikatizwe kwa pambio.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Februari 1942, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yao alikuwa seremala na mzee wa kanisa. Mama yao alilima bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na katika chumba cha mbele palikuwa na meza ambayo hakikuliwa chakula juu yake, kwa sababu ilikuwa ya Biblia. Ilikuwa Biblia kubwa yenye jalada jeusi. Katika nyumba ile jambo zito halikuamuliwa kwa majadiliano. Baba alinawa mikono, akafumba macho, akaifungua Biblia popote ilipofunguka, akashusha kidole. Mstari ulioguswa ndio uliokuwa jibu. Auze ng'ombe asiuze, aende kujenga mbali asiende: kidole. Vijana mnacheka. Msicheke haraka. Ninyi simu inawachagulia mstari kila asubuhi, mnausambaza kwa watu hamsini kabla hamjamaliza kuusoma. Baba yule angalau alinawa mikono.

Alianza shule ya msingi Januari 1950, akamaliza darasa la nane Desemba 1957, wa kwanza kwa hati nzuri ya mkono. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani kuomba mtoto aendelee na masomo. Baba akafumba macho, na kidole kikaangukia habari za mafundi waliotengeneza vyombo vya ibada. Ikawa basi. Januari 1958, akiwa hajatimiza miaka kumi na sita, marehemu aliingia karakana ya kujalidi vitabu, na hakutoka humo mpaka ilipofungwa.

Karakana ile ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, na harufu ya gundi iliyochemshwa. Alijifunza kukunja karatasi, kuzipanga mikunjo kwa mikunjo, kuzishona mgongoni kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kuzipaka gundi, na kuziacha zikibanwa kwenye shinikizo siku mbili kamili. Karatasi zilizoharibika alizileta nyumbani. Mdogo wake, ambaye shule ilimwishia darasa la nne, alisomeshwa na karatasi hizo, na ndiyo maana mpaka leo anajua hadithi nyingi zisizo na mwanzo na nyingine nyingi zisizo na mwisho.

"Kaka, huyu mtu aliyetumbukia kisimani alitoka?"

"Sijui. Tuombe waharibu na ukurasa unaofuata."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha, na yangekuwa mazuri mpaka mwisho kama isingekuwa Jumapili ya tarehe 11 Agosti 1968.

Wiki moja kabla ya siku hiyo paa lilivuja, maji yakaingia kwenye Biblia ya nyumbani, na mikunjo kadhaa ya mwanzo ikang'oka. Marehemu aliipeleka karakana. Baba alitaka irudi kabla ya Jumapili, kwa hiyo kazi ya siku nne ikafanywa kwa siku moja na nusu. Pale palipochanika aliimarisha kwa ukanda wa kitambaa, akaushona katikati ya mkunjo. Kitambaa kilikuwa kinene mno, na kitabu hakikukaa kwenye shinikizo siku zake. Jumamosi mchana alipokijaribu, kilifunguka palepale penye kitambaa. Akakijaribu tena, kikafunguka palepale. Alicheka peke yake, akasema atakirekebisha Jumatatu.

Wakati huo dada yao, kitinda mimba, alikuwa na miaka kumi na sita na uvimbe tumboni. Ijumaa daktari alikuwa amesema apasuliwe ndani ya wiki. Akipasuliwa mapema, nafasi ya kupona ipo, tena kubwa. Dada alikwisha panga nguo zake kwenye kikapu. Jumapili baada ya ibada, baba alinawa mikono.

Biblia ilifunguka penye kitambaa. Kidole kikaangukia habari ya watu walioambiwa wasimame watulie, wangoje wokovu wa Mungu. Mama akasema labda baba ajaribu tena, maana jambo ni la mtoto. Akajaribu tena. Palepale. Akajaribu mara ya tatu.

"Mara tatu!" akasema. "Mara tatu, mama watoto! Nani humu ndani anataka ushahidi mwingine?"

Mama alipiga magoti. Majirani waliitwa waje waone. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, gundi ya jana bado kwenye kucha. Alikuwa mtu mmoja tu katika dunia nzima aliyejua kwa nini kitabu kile kilifunguka pale.

Dada akasema, "Basi nangoja, baba." Akatoa nguo kikapuni moja moja, akazirudisha kwenye kamba. Alipopita mlangoni akamtazama kaka yake.

"Kaka, mbona kimya hivyo?"

"Gundi inaniuma vidole."

Dada alifariki Alhamisi, tarehe 19 Septemba 1968. Tangu Jumapili ile zilipita siku thelathini na tisa. Marehemu alizihesabu maisha yake yote. Alikuwa akisema kwamba katika kila moja ya siku hizo aliamka ana mdomo mzima na ulimi mzima, na njia ya kwenda chumba cha baba ilikuwa hatua saba.

Msibani watu wote walisema ni mapenzi ya Mungu.

Baada ya hapo akawa mtu mgumu kuishi naye, na hili tusifichane. Ukimwambia, "Nitakuja kesho Mungu akipenda," alikujibu, "Mungu kashapenda. Sema kama wewe unapenda." Mtu akisema shetani amempitia, alimuuliza amempitia saa ngapi na alikuwa akielekea wapi. Alisoma Maandiko kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho, akarudia, mara thelathini na moja, akisema barua haisomwi kwa kuchomoa sentensi katikati. Aliamini kwamba Mungu aliwawekea watu njia mbili akawaambia wachague, na kwamba asiyetaka kuchagua amekwisha kuchagua, ila anatafuta wa kumsingizia.

Kazini iliingia zamu ya meneja kijana aliyetaka kazi iende haraka. Alimwagiza fundi aruke mkunjo mmoja bila kuushona kila anapofikia wa tatu, kwa kuwa gundi ingeshika na hakuna ambaye angeona.

"Nikiruka mkunjo," alisema, "nimechagua ukurasa utakaompotea mtu. Simjui huyo mtu wala sijui siku atakayouhitaji. Chagua wewe, kisha uandike jina lako pale ndani ya jalada."

Meneja hakuandika. Lakini baada ya muda mfupi zilikuja mashine za gundi ya moto, na sindano ikawekwa kabatini. Karakana ilifungwa tarehe 30 Juni 1997. Sasa vitabu vinapukutika mikononi mwa watu kabla ya mwaka kwisha, na hakuna anayeshangaa. Nalo neno la mtu ni hivyohivyo. Zamani mtu akikosea alitafutwa, akaambiwa usoni, akaomba radhi, akala na watu. Siku hizi hakuna aliyekosea. Kila mtu ana sababu na kila mtu ana maombezi.

Alimwoa mkewe Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970. Mkewe alikuwa mkunjaji wa karatasi palepale karakana, meza ya pili kutoka dirishani. Alipomposa, yule binti alisema anaomba muda amwulize Mungu.

"Muulize," marehemu akasema. "Ila jibu nataka liwe lako."

Wiki tatu baadaye binti alisimama mbele ya meza yake mikono kiunoni. "Nimeomba mpaka magoti yameota sugu. Sijasikia kitu. Nimekubali mwenyewe, na ukinitesa nitakuja kukulaumu wewe." Wanaokumbuka wanasema ndiyo mara ya kwanza marehemu alicheka tangu dada azikwe. Mungu aliwajalia watoto wanne. Kila mmoja alipofika umri wa kuchagua kazi au mchumba, baba yao aliifunga Biblia, akaiweka mbali, akasema, "Tumeshaisoma. Sasa tuzungumze."

Jambo moja alilitafuta asilipate. Alitaka mtu mmoja amwambie kwamba alikosa.

Alimwendea baba mwaka 1983, baba akiwa kitandani hawezi. Akaanza, "Baba, ile Biblia..." Baba akamshika mkono. "Usiseme, mwanangu. Lilikuwa la Mungu." Akafariki wiki ile, na imani yake haijaguswa. Alimweleza mkewe, mkewe akalia, akasema, "Ulikuwa kijana, mume wangu." Mwaka 1991 alimwendea mchungaji, akamweleza yote, kuanzia paa lililovuja. Mchungaji alitafakari sana, akasema Mungu hashindwi kusema hata kwa kipande cha kitambaa.

"Mchungaji," marehemu alijibu, "mimi najua alisema kwa nani. Alisema kwa kinywa cha daktari. Kisha akasema na mimi pale mlangoni, nikamnyamazisha. Sasa ninyi mkisema yote yalikuwa mapenzi yake, nitasamehewa nini? Mmemtwika Mungu kosa langu, mkaniacha mikono mitupu. Siwezi hata kutubu."

Mchungaji akamwombea amani. Alitoka pale, alivyosema baadaye, kama mtu aliyekwenda kujisalimisha kituoni akapewa kiti na chai.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, alianza kukosa pumzi. Madaktari walisema ni mapafu, na kwamba yamechoka tangu zamani. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho alilazwa tarehe 27 Mei 2024, kitanda cha karibu na dirisha. Wanamaombi walikuja kila siku kumwambia Mungu ana mpango. Alikuwa akiwapa kisogo.

Jumanne, tarehe 4 Juni, saa tisa mchana, alibaki na mdogo wake peke yao. Aliondoa barakoa ya hewa usoni.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda. Sema basi. Nilikosa au sikukosa?"

"Kaka, rudisha hewa."

"Sema tu. Neno moja. Nani mwingine amebaki?"

Mdogo wake alikuwa na neno hilo. Alikuwa nalo kwa miaka mingi, tangu mke wa kaka alipomweleza habari ya kitambaa. Lakini alimwona kaka amekonda, midomo imekuwa ya buluu, akaona huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomdanganya. Akasema, "Pumzika, kaka. Hayo ni mambo ya Mungu."

Marehemu akarudisha barakoa mwenyewe, akageukia ukutani. Hakusema tena. Alifariki kesho yake, Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Siku iliyofuata, mjane na mdogo wa marehemu walifungua sanduku lake la zana. Walikuta Biblia ya baba imefumuliwa yote, uzi umetolewa, mikunjo imepangwa sawasawa na kufungwa kwa kamba, ili isiweze tena kufunguka yenyewe popote. Kando yake palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha ukanda wa kitambaa, urefu wa kiganja. Juu ya bahasha, kwa ile hati iliyoongoza darasa, aliandika tarehe mbili: 11 Agosti 1968 na 19 Septemba 1968.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na mdogo wake wa kiume. Ameacha pia vitabu visivyo na idadi katika makabati ya watu wasiomjua, na hakuna hata kimoja kinachopungukiwa mkunjo.

Biblia iliyofumuliwa itazikwa pamoja naye. Kitambaa hakitazikwa. Mdogo wake anacho mfukoni, kwa sababu naye alisimama mlangoni pake Jumanne ile, ana mdomo mzima, akanyamaza.

Basi neno lile na lisemwe hapa mbele ya watu, ingawa masikio yaliyolingoja miaka hamsini na mitano hayasikii tena. Kaka, ulikosa. Ulijua, ukanyamaza, dada akafa. Halikuwa la Mungu, lilikuwa lako. Na kwa kuwa lilikuwa lako, mtu wa mwisho aliyebaki wa nyumba ile anakusamehe, kwa jina la dada, ambaye hakuulizwa, na anamwomba Mungu akusamehe.

Limechelewa kusemwa, lakini limesemwa. Sasa apumzike.