Fundi wa Ndege Aliyerudi Peke Yake

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wazee wa jeshi la anga mliotoka mbali, mimi ni binti wa marehemu, mtoto wake pekee, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi kufika mwisho kabla sauti haijanikatika.

Baba yangu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1946, akiwa kitinda mimba wa mhunzi na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya reli, mahali ambapo alijua kutofautisha injini kwa mlio kabla hajajua kusoma. Alianza shule ya msingi mwaka 1954, akaendelea na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1965, na mwaka uliofuata akaajiriwa na jeshi la anga, akapangiwa kazi ya fundi anayeruka na ndege, yule anayekaa nyuma ya rubani na kusikiliza injini.

Tarehe 17 Juni 1971, vita ikiwa imepamba moto, ndege yao ya mizigo ilikuwa ikipeleka dawa kwa majeruhi, ndani wakiwa watatu tu, rubani, mtu wa redio na baba, ikapigwa bawa la kushoto, ikaangukia msitu wa milimani wenye ukungu mzito, mtu wa redio akafa palepale, rubani akavunjika mguu, na baba akatoka na michubuko. Alijaribu kumbeba mwenzake mgongoni, wakaanguka wote wawili, ndipo rubani akamwambia, "Fundi, wewe una miguu, nenda ukalete watu." Baba alibisha mpaka kesho yake, kisha akamfunga mguu kwa vyuma vya kiti na waya, akamwekea maji, akamfunika kwa kitambaa cha mwavuli wa kurukia, akaondoka. Alitokea kwenye kambi ya wakata mbao akiwa hajiwezi, akarudi na askari huku homa ikimtikisa, lakini mawingu yalikuwa yameshuka, miti yote ilifanana, na mahali pale hapakuonekana tena, hadi jeshi likasitisha msako na kutangaza kwamba rubani na mtu wa redio hawajulikani walipo.

Mke wa rubani alimngoja baba kwenye lango la kambi, akamwuliza mbele ya watu, "Ulimwacha akiwa hai, au alishakufa?" Uongo ungekuwa rahisi siku ile, na wengi wangemsamehe, lakini baba alijibu, "Akiwa hai, shemeji." Tangu hapo, ingawa waliishi mji mmoja na kununua mkate duka moja, yule mama hakumwitikia salamu, naye baba hakuacha kumsalimu.

Aliacha jeshi mwaka 1973, akafungua karakana ya kutengeneza pampu za maji na cherehani nyuma ya stendi, na wateja walipomsifu aliwajibu kwamba pampu haina mabawa, haiwezi kumtoroka. Mtaani walimwita Rubani, kwa heshima tu, lakini kila mara aliwakatiza, "Mimi ni fundi, rubani ni yule niliyemwacha," na watu wakacheka wakidhani ni utani wake.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na mama yangu, mshonaji wa sare za shule, nami nikazaliwa mwaka 1976. Kila likizo ilipofika baba alibeba begi na kamba akaenda milimani peke yake, akarudi amekonda, akaketi jikoni bila kuwasha taa, naye mama akavumilia, akavumilia, mpaka mwaka 1985 alipohamia kwa dada yake, bila ugomvi wowote, akisema tu, "Nyumba hii ina wageni wawili nisiowajua, na mimi sina pa kukaa." Mama yupo hapa leo, na nguo aliyovaa marehemu ameishona yeye.

Mwaka 2008 mafundi wa umeme waliokuwa wakifyeka msitu ili kupitisha nyaya waliikuta ndege, mtu wa redio akiwa bado kitini mwake, lakini rubani hakuwamo. Jeshi likawaita baba na yule shemeji, mke wa rubani, kwenye chumba chenye meza moja, wakaonyeshwa vyuma viwili vya kiti, waya ungali umevizunguka, vile alivyotumia baba kuufunga mguu uliovunjika. Shemeji akauliza viliokotwa wapi, afisa akajibu, "Mbali na ndege, ng'ambo ya kijito, upande wa kambi ya wakata mbao." Yule mama akavishika, halafu akamgeukia baba kwa mara ya kwanza tangu langoni, akasema, "Basi hakukaa kukungoja, shemeji. Alikufuata."

Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya siku ile, alikaa sakafuni kama mtoto, kwa sababu miaka yote aliitafuta ndege, na njia aliyotokea yeye mwenyewe hakuipekua hata mara moja.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2016, akalazwa mara kwa mara, na shemeji ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti wodini, akiruka habari za vifo, hadi baba alipofariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Februari 2019.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani, hasa kinyozi wa jirani aliyemnyoa bila kungoja kuitwa, wenzake wa karakana, jeshi la anga, na mafundi wa umeme, ambao wameahidi kutuita wakikuta chochote kingine ng'ambo ya kijito.

Wakituita tutakwenda, mimi na shemeji yako. Pumzika kwa amani, baba, na kumtafuta rubani utuachie sisi.