Vikuba vya Nyuzi Tatu

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu, na mlio wa dini nyingine, hamjambo. Mwenyekiti wa chama chetu ameniambia nisimame nizungumze, nami kuzungumza sijui; shule niliishia darasa la saba. Basi nimeandika, nitasoma. Nikikosea nirekebisheni, maana hata haya niliyoyaandika sina hakika nayo yote.

Wengi wenu mwaijua kazi yetu, mimi na wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Twafunga vikuba, vishada vya maua vya kuvaa kifuani: asumini, rehani, kipande cha mkadi, uzi, basi. Bibi harusi avaa, mama yake avaa, na waliokuja kutazama nao wataka. Ua likichumwa alfajiri, jioni limeshachoka. Kikuba kisichopata mtu leo, kesho ni takataka.

Desturi yetu ilikuwa hii: harusi yoyote ya mtaani, tumealikwa au hatukualikwa, twapeleka sinia ya vikuba vya bure jikoni, kwa wapishi. Mpishi akivaa, anukia mpaka uani, na wanawake waanza kuulizana, "Hiki umekipata wapi, shoga?"

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, wifi akaanza kulipia matangazo ya mtandaoni. Picha zilikuwa nzuri, wallahi, haki yake simnyimi. Watu wakabonyeza mioyo, na wateja wakaja mpaka vidole vikatuota malengelenge. "Waona?" akaniambia. "Simu hiyo!" Nami nikakubali.

Ndugu zangu, nawaambia, sisi wawili tumezaliwa papa hapa Kisauni. Twajua kwamba Shaabani kila mtu aharakisha kuoza wanawe kabla Ramadhani haijaingia. Kila Shaabani twauza sana. Lakini mara ile sifa zote tukaipa simu.

Tukaacha sinia ya jikoni. Maua ya bure tukayaona hasara, pesa yake tukaitia kwenye matangazo. Ramadhani ikapita, haina harusi, hatukushtuka. Idi ikapita, harusi zikarudi, wateja hawakurudi. Wifi akaongeza matangazo, na mioyo ikaongezeka. Maua nikawa nayamwaga nyuma ya nyumba, hata ile harufu niliyoipenda tangu utoto nikaichukia.

Nyumbani pakawa na maneno.

"Wifi, mioyo haiji kununua."

"Wewe wataka ya kale tu. Watu wako kwenye simu siku hizi."

"Na hao wapishi, je?"

"Wapishi wavaa bure, wala hawanunui! Haya, funga wewe, uza wewe."

Alipoona kazi imekufa, akaenda kwa wakala, akapata kazi ya nyumba Arabuni. Pasipoti ikatoka. Watoto wake wawili angeniachia mimi. Yule mdogo akaanza kumfuata mamake kila aendako, hata chooni, akimngoja mlangoni.

Mimi nina tabia ya kuandika kila jioni. Siku ile niliandika: huenda wifi ndiye mwenye haki, nami nasema tu kwa sababu simu siijui. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Alikuwa akienda nchi ya watu kwa jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua kwa hakika.

Basi wateja wachache waliobaki nikaanza kuwauliza, "Mmetujuaje?" Nanyi mwaijua adabu yetu. "Aa, nani asiyekujua wewe, bi?" "Sifa zako zimefika mpaka Likoni!" Maneno matamu, jibu hamna. Mmoja nilimbana sana, akadhani nataka kusifiwa zaidi, akaniombea dua.

Mpaka siku moja akaja mama akaniambia, "Nifungie kama kile nilichokiona, lakini uzi usiwe mweupe, waonyesha uchafu." Jioni ile nikaliandika neno lake. Ukimuuliza mtu amekujuaje, atakusifu. Lakini uzi aukumbuka.

Nikaenda sokoni Kongowea nikanunua nyuzi za rangi tatu. Wifi nikamwambia waziwazi, maana kumpima mtu kwa siri ni kumwinda. Sinia ya jikoni nikairudisha: vikuba vyake vya bure, uzi mwekundu. Vya kupiga picha ya stetasi yake, ile wanayoiona watu wanaomjua, uzi kijani. Vya tangazo la kulipia, uzi manjano.

Akacheka kicheko cha uchungu. "Haya, pima, wifi. Siku ya ndege ikifika, mimi napanda."

Kila aliyepiga simu au kubisha hodi nikamuuliza neno moja: "Ulichokiona kilikuwa na uzi gani?" Wakanijibu bila kufikiri. Mmoja alisema hakumbuki. Moyo wangu ulitaka nimhesabu mwekundu. Nikamwacha nje ya hesabu, na mpaka leo najiuliza kama nilifanya sawa.

Siku ya ndege ilipokaribia, nilimkuta wifi akikunja nguo, nikakaa kitandani.

"Wengi ni wekundu," nikamwambia.

"Nilijua utasema hivyo."

"Ngoja. Wekundu wachukua kimoja, viwili. Kijani ni wachache, lakini wao ndio wanaoagiza harusi nzima. Ni watu walio mbali, picha yako wametumiwa na jamaa zao wanaokujua. Mimi nilisema simu haileti mtu. Nilikosea."

Akaacha kukunja. "Na manjano?"

"Mmoja."

"Mmoja! Wa wapi?"

"Wa nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Yaani," akasema, "tumelipa pesa zote zile kumwita jirani?" Akaanza kucheka, kisha kile kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye. Alipotulia akauliza polepole, "Kwa hivyo kazi yangu haikuwa bure?"

"Tangazo ndilo lililokuwa bure. Wewe hukuwa bure."

Yule mdogo alikuwa mlangoni kama kawaida yake. Mamake akamwita, akampa zile nguo azirudishe kabatini.

Sitawadanganya kwamba sasa twaogelea katika neema. Wakala alitusumbua, na pesa za matangazo hazikurudi. Tena mwenye kuuza kitu kingine huenda tangazo likamfaa; mimi nimepima vikuba tu, na kwa muda mfupi. Ninalowaomba ni hili: kabla hujasifu au kulaumu, funga uzi. Ujue mteja wako katokea mlango gani.

Nawashukuru wapishi wa mtaani waliotupokea tena bila kinyongo, na nyinyi wanachama mliotungojea michango yetu ilipochelewa. Na namshukuru wifi yangu, yule aliyewavisha vikuba mlipokuwa mkiingia.

Vitazameni vifuani mwenu. Uzi wa leo ni wa buluu. Akinijia mtu kesho akautaja, nitajua ni nyinyi mliomleta.