Risala ya Tuliojiandika Majirani

Mgeni rasmi, Bibi Ghislaine, Mwenyekiti wa Shirika la Makao ya Wazee Tulia, Bwana Msimamizi wa Komini ya Gitega, wauguzi wote, na ninyi wazee wetu mlioketi safu ya mbele:

UKARIBISHO

Tunakukaribisha Gitega kwa heshima, na tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza kabla ya chakula. Tuliomba iwe hivyo kwa sababu tumeambiwa kwamba baada ya chakula utatia sahihi orodha ya wazee kumi na mmoja wasio na ndugu, ambao Jumatatu watahamishiwa makao mapya ya Muyinga. Risala yetu inahusu orodha hiyo.

HISTORIA

Makao haya yalifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wazee walioachwa peke yao na vita. Malipo hayakuwepo. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa la haki: mzee asiwe na ndugu aliye hai.

Sisi tulikuja baadaye, tukiwa tumejaribu njia nyingine. Tuliajiri wasichana wa kuwaangalia wazee nyumbani. Hawakumaliza miezi miwili. Tuliuliza bei ya nyumba ya wazee Bujumbura, ikazidi mapato yetu ya mwezi mzima. Tulipofika hapa tuliona mashuka yaliyofuliwa, na wagonjwa wakigeuzwa kitandani kwa zamu ili wasipate vidonda. Tukachagua hapa. Fomu iliuliza: Mzee ana ndugu? Tukaandika: Hana. Chini yake, mahali pa mtu aliyemleta, tukaandika: Jirani.

Mgeni rasmi, huo ulikuwa uongo. Wote kumi na mmoja wana ndugu. Ndugu hao ndio sisi.

Anayesoma risala hii, Donatien Zihalirwa, mwalimu mstaafu aliyelelewa na shule ya mapadri kabla ya uhuru, na aliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huu, ni mume wa Apolline wa chumba cha tatu. Ndoa yao ina miaka arobaini na minane. Kiharusi kilipomlaza mke, mikono ya mume haikuweza tena kumwinua.

MAFANIKIO

Tunasema bila kusita kwamba wazee wametunzwa. Apolline aliingia hapa akilishwa. Leo anashika kijiko mwenyewe. Nasi kila Alhamisi tumekuja na ndizi, maharage na sabuni, tukawasalimia kama majirani wanavyosalimia, kisha tukaondoka saa ya wageni ilipokwisha.

CHANGAMOTO

Bibi Kadidja amepoteza kumbukumbu ya mambo mengi, lakini hakumsahau mwanawe Mustafa, fundi cherehani wa sokoni. Alhamisi moja alimshika mkono mbele ya muuguzi, akasema:

"Uyu haiko jirani. Uyu ni mutoto wangu, nilimuzala mimi, siku ya soko."

Muuguzi alicheka. "Mama Kadidja, we kila mwenye kuleta ndizi unamuita mutoto wako."

"Basi muulize."

Mustafa aliulizwa. Akajibu, "Mama anachanganya tu."

Tangu siku hiyo Bibi Kadidja hamshiki mkono. Humwita bwana.

Lipo lililo zito zaidi. Mwaka juzi Mzee Saidi aliletwa kutoka Bugendana, amekalishwa kwenye baiskeli. Huyo kweli hakuwa na mtu. Aliambiwa vitanda vimejaa, akarudishwa. Vilikuwa vimejaa wazee wetu. Mwezi uliopita tulikwenda kumtafuta. Tulikuta mlango umefungwa kwa kamba, na hakuna aliyejua alikoelekea. Hatulitaji jambo hili ili tusamehewe. Tunalitaja ili liandikwe.

Sasa vitanda vya Gitega watapewa wazee wenye familia, kwa faranga elfu arobaini kila mwezi. Tumekaa, tumechangiana, na tunaweza kulipa. Lakini kwa karatasi hatupo. Asiye na ndugu huhamishwa bila mtu kuulizwa. Akifia Muyinga, atazikwa siku hiyo hiyo na watu wasiojua kama alisali kanisani au msikitini. Hadi sasa wanaposikia haya, wazee wenyewe walikuwa hawajaambiwa kuhusu safari, ila wameanza kuuliza kwa nini nguo zao zimefungwa kwenye mifuko. Hatujui tuwajibu nini, kwa kuwa jirani hana la kujibu.

MAOMBI

Tunaomba usitie sahihi orodha hiyo leo. Tunaomba fomu ziandikwe upya, mbele ya wazee, nasi tulipe kuanzia mwezi huu, pamoja na adhabu yoyote mtakayoona inafaa. Vitanda vya Muyinga wapewe wale ambao kweli hawana mtu. Tuko tayari kupanda vilima kuwatafuta, na wa kwanza ni Mzee Saidi. Na kama sheria inataka mtu aondolewe kwa uongo huu, aondolewe aliyeandika. Aliyeandikwa abaki kitandani mwake.

Risala hii ikimalizika, hatutarudi kwenye viti vya majirani. Kila mmoja wetu atakwenda kukaa kando ya mzee aliyemkana, kama mzee huyo atakubali. Ukiwa na orodha mkononi, tafadhali tutazame tulivyokaa.

Mungu akujalie subira ya kuyasoma majina hayo mara ya pili. Awalinde wauguzi, na awape wazee wetu moyo wa kutupokea.

Ni sisi, waume, wake, watoto na ndugu wa wazee kumi na mmoja wa Makao Tulia.

Gitega, tarehe 14 Agosti 2008