Marehemu Rudia na Hatua Zake za Kila Jumatatu

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani alijulikana kwa jina la Rudia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu wa mkunga na mchonga mawe. Alikulia mahali ambapo mto huzama katika mapango ya mawe ya chokaa na kuibukia mbali, na utotoni alilala akisikia maji yakipita chini ya sakafu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, na sekondari hadi 1980. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila haamini majibu ya nyuma ya kitabu."

Tarehe 2 Mei 1985 aliajiriwa kuwa askari wa hifadhi. Kwa miaka thelathini na saba alilinda mapango, popo, mbega wa majabalini na fisi maji. Kila Jumatatu alitembea mpaka wote wa hifadhi akihesabu hatua kutoka jiwe moja la mpaka hadi jingine na kuziandika daftarini kwa penseli. Zikipishana hata mbili, alirudia. Ndipo alipopata jina.

"Mzee, mawe hayana miguu," wenzake walimtania.

"Wanaoyahamisha wanayo," aliwajibu.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na fundi cherehani. Walijuana siku alipokwenda kuchukua suruali yake, akaipima upya mbele ya fundi.

"Kaka, umekuja kuchukua suruali au kunikagua?"

"Vyote viwili, dada."

Jumatatu ya tarehe 16 Mei 2022, kutoka mdomo wa pango kubwa hadi jiwe la saba, alipata hatua 271. Siku zote zilikuwa 312. Alirudia mara nne. Jiwe lilikuwa limesogezwa kuelekea pango, na nyuma ya jiwe hilo ni machimbo ya kiwanda cha chokaa. Alitoa taarifa. Kiwanda kilijibu kwa barua kwamba hatua za mtu si kipimo.

Tarehe 11 Juni alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Wiki hiyohiyo kabati lake ofisini, ambalo halikuwahi kusafishwa kwa miaka kumi, lilifanyiwa usafi likabaki tupu. Kisha wakaja wodini wanaume wawili na mfuko wa machungwa, wakamkuta mkewe kando ya kitanda. Walisema wametoka ofisini, lakini hawakujitaja majina, wala hawakujua mgonjwa anaitwa Rudia.

"Mama, tunaomba lile daftari, tukamtunzie."

"Daftari gani, wanangu? Mtu anaumwa, atasoma nini?"

Mkewe alikuwa amelikalia.

Walipoondoka, mkewe alitoa futi yake ya cherehani ili apime urefu wa hatua za mumewe, muuguzi akiwa shahidi. Marehemu alitembea hatua kumi akishika ukuta, akasimama.

"Futa. Hizi ni hatua za mgonjwa. Watu wa kiwanda watazitupa."

"Sasa tufanyeje, baba watoto?"

"Jiwe la nne na la tano hayajaguswa. Kati yake wapimaji wa serikali waliandika mita mia nne. Daftarini ni hatua mia tano na ishirini, Jumatatu zote. Gawanya. Kisha rudia."

Sisi wapwa wake tuligawanya, tukarudia: kila hatua ni karibu sentimita sabini na saba, na zilizopungua ni arobaini na moja. Jiwe la saba limesogezwa mita thelathini na moja na nusu.

Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Julai 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Madaktari wametueleza kuhusu mapafu, na kwa hilo familia haina neno. Kuhusu jiwe, tunalo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na sisi wapwa aliotufundisha kutilia shaka kila jibu rahisi. Kikao cha kusikiliza shauri la mpaka kati ya hifadhi na kiwanda ni Jumanne, tarehe 26 Julai, saa tatu asubuhi, na mjane ataliwasilisha daftari kwa mkono wake. Wale wageni wawili wa wodini, kama wamo miongoni mwa waombolezaji, nao wanakaribishwa. Waje na majina yao.

Yeye amemaliza zamu yake. Apumzike kwa amani.