Ngomla Si Jini

Wasikilizaji wapendwa, mniwie radhi, leo sitaanza kwa upole. Msasa amefariki dunia. Msasa, mwimbaji wa Bendi ya Gereji, tumemzika juzi. Tangu juzi simu ya studio haijatulia. Wengi wanatoa pole, Mungu awabariki. Lakini wapo wanaotuambia tusimkumbuke hapa, eti huyo ni mtu wa Ngomla. Haya. Leo tutamzungumzia huyo Ngomla mpaka kieleweke.

Msasa alikuwa fundi rangi za magari. Kutwa alikuwa akisugua milango ya magari kwa msasa, na sauti yake nayo ilikwaruza vilevile, ndipo jina likamganda. Rangi hizo ndizo zilizommaliza mapafu. Jioni, gereji ikifungwa, wenzake walisogeza majeki na matairi, wakachomeka magita, wakapiga roki mpaka mabati yakatetemeka.

Alilelewa na mama yake, mshonaji wa sare za shule, pamoja na dada yake mkubwa. Cherehani ilikuwa sebuleni, na mama alisikia kila neno. Kwa hiyo watoto wale wakazungumza kinyume. Mnakijua kinyume, wasikilizaji. Unachukua silabi ya mwisho, unaileta mbele. Sukari inakuwa risuka. Chai inakuwa icha. Mama yao aliwaambia waache kuongea kama kasuku wagonjwa, akaendelea kushona.

Msasa akichelewa gerejini, alikuta mama ameshafunga. Alisogea dirishani kwa dada yake, akanong'ona: "Dada, afungu ngomla." Geuzeni wenyewe. Afungu ni fungua. Ngomla ni mlango. Dada, fungua mlango. Basi. Jini lenyewe ndilo hilo.

Nyimbo za bendi ile zilijaa mambo ya namna hiyo, ya nyumbani kwetu kabisa, yamefichwa ndani ya kelele. Mwandishi mmoja wa gazeti alisema muziki wao ni kelele tupu, wakamtungia wimbo unaoitwa "Debe". Debe tupu haliachi kuvuma, naye hakujua kuwa anasemwa yeye, akausifu! Wimbo mwingine ulisema, nyumba yangu kubwa haina mlango. Gazeti likaandika kwamba nyumba hiyo ni kaburi, vijana wanaabudu kifo. Jamani. Hilo ni yai. Kitendawili cha mtoto wa chekechea, na mtu mzima mwenye shahada anakiona kaburi.

Hayo tuliyacheka. Lililofuata halichekeshi.

Mama yake hakuutaka muziki ule. Siku moja alimwambia achague, gita au nyumba hii. Msasa alikuwa na kichwa kigumu kama cha mamaye. Akabeba gita. Mlango ukafungwa nyuma yake. Kisha akatunga wimbo, na kiitikio chake mnakijua nyote: "Mama, afungu ngomla."

Wimbo ukapendwa. Ndipo mhubiri mmoja maarufu akasimama mbele ya umati, akatangaza kwamba Mama Afungu ni jini la kike, na Ngomla ndiye mumewe. Alitoa wapi ndoa hiyo? Nani alikuwa shahidi? Hakuna aliyemuuliza. Gazeti likachapa. Redio zikaufungia wimbo, na redio hii ikiwamo. Mama wa watu, pale kwenye cherehani yake, akaambiwa kwamba mwanawe sasa anaita jini mama. Akasema neno moja tu: "Basi amepata mama mwingine." Kufuli halikuguswa tena.

Dada alijaribu. Alimweleza mama, mama akamwambia siku zote wewe humfichia nduguyo. Alikwenda gazetini, wakamwambia habari ya mlango haiuzi. Alimsihi Msasa atangaze maana yake. Msasa akakataa, akasema hawezi kuwatafsiria watu ombi ambalo hakuwapelekea wao. Ukaidi wa nyumba ile, jamani! Nami namlaumu kidogo, Mungu amrehemu.

Baada ya mazishi nilikwenda kuwapa pole. Mama alikuwa amekaa mkekani. Akamgeukia binti yake ghafla, akamwuliza, katika lugha yenu ile, mimi mlikuwa mkiniitaje?

Dada akajibu, "Mama. Halibadiliki. Mama ukiligeuza linabaki mama. Na dada ni hivyohivyo."

Nikaona midomo ya mama inatembea. Ngo. M. La. Akarudia taratibu, kama anayefumua mshono. M. La. Ngo. Akashika kifua. Hakumwangalia binti yake, aliniangalia mimi, mtu wa redio, akauliza: "Wimbo huo aliuimba mara ngapi?"

Wasikilizaji, ningedanganya kama ningeweza. Nikamwambia, "Kila alipopanda jukwaani, mama."

Kwa niaba ya wenzangu hapa studio, natoa pole kwa mama, kwa dada, na kwa wapigaji wa Bendi ya Gereji. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki tujiulize, ni watu wangapi tumewahukumu kwa maneno ambayo hatukutaka hata kuyageuza? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujua kabla hujauliza, kisha ukapewa kipaza sauti.

Mhubiri yule bado anahubiri. Jumapili iliyopita amemtaja tena Ngomla, na maiti ya kijana wa watu ilikuwa hata haijazikwa. Baba mhubiri, najua unatusikiliza. Wimbo huu haujapigwa hapa tangu ufungiwe. Sasa tunaupiga wote, na bosi wangu akitaka kunifukuza, anajua nilipo. Keti, baba, usikilize mpaka mwisho. Anayeitwa humo ni mama yake mzazi, naye amesikia akiwa ameshachelewa, kwa sababu yako.