Fundi Barafu, Aliyetoka Nje Kucheka

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wageni mliokuja kwa wito wa simu: haya ndiyo maisha ya fundi aliyelala mbele yetu. Yamesemwa na mkewe, yakaandikwa na binti yao mkubwa, na yanasomwa na mdogo wa marehemu, ambaye ameahidi mbele ya wazee kwamba hataruka mstari hata mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa mfua vyuma. Marehemu mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema mpaka watu wakadhani ni bubu. Siku alipofungua kinywa alitoa sentensi nzima, "Chai imepoa," kisha akanyamaza tena mpaka msimu ukageuka. Kisa hicho kilichekesha ukoo mzima. Mkewe alisimuliwa siku ya kwanza kufika ukweni, akacheka na wenzake, asijue kwamba alikuwa anaonywa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akaendelea na sekondari, na huko akapenda sayansi na historia kuliko chakula. Mwalimu wake alisema kijana huyu ni gunia: hupokea kila kitu na halisemi kilichomo. Mwaka 1984 alihitimu chuo cha ufundi na kupata cheti cha majokofu na mitambo ya baridi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha maziwa. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1998 hakukaa kulia. Alipanga chumba kimoja pembeni ya soko la nguo, na mlangoni majokofu yakasimama kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na mafundi wengi waliopita mikononi mwake wameiga. Kabla ya kugusa bisibisi alizima redio, akamwomba mwenye jokofu anyamaze, kisha akaweka sikio nyuma ya mashine na kufumba macho. Akiinuka alisema, "Anasema gesi inavuja," au, "Analalamikia kompresa," kana kwamba jokofu limemnong'oneza. Hakukosea mara nyingi, na hakumdanganya mteja. Haki yake apewe. Watu wakamwita Fundi Barafu, na jina likamganda.

Mkewe alimpelekea chakula hapo kila mchana. Siku moja, akiwa ameshika kibeba chakula mlangoni na mumewe ameliinamia jokofu la mwenye duka la dawa, aliuliza mbele ya wateja: "Na mimi nikianza kunguruma, utaniwekea sikio?" Wateja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi hakucheka. Aliinuka, akasema anatoka kutafuta nyaya, akazunguka nyuma ya jengo. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1993. Yeye alikuwa na miaka thelathini, bibi harusi kumi na tisa. Kwao bibi harusi walisomeshwa wavulana; wasichana walichota maji. Siku ya posa fundi alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili, na wako hapa waliosikia, kwamba mke wake hatabaki hajui kusoma, atamfundisha mwenyewe. Alinunua penseli. Walianza vizuri, a, e, i, o, u, wakafika ba, be, bi, bo, bu. Hapo kazi zikamzidi, akasema wataendelea Jumamosi. Jumamosi nyingi zimepita tangu siku hiyo. Mke amejua kusema "babu" na "bibi" kwa maandishi, basi.

Hata hivyo hakukaa bure. Alifua na kupiga pasi nguo za watu: mashati ya makarani, koti la daktari wa meno, sare za wahudumu wa hoteli. Watoto watatu wamesoma kwa majokofu, na pia kwa pasi. Hilo lisemwe leo, maana kwenye sherehe zao za kuhitimu lilisemwa la majokofu tu.

Nyumba ilikuwa na meza moja. Upande mmoja ulitandikwa blanketi la kupigia pasi. Upande wa pili, tangu mwaka 2013 alipopata simu ya kisasa, aliketi fundi akiwa ameinamisha kichwa. Humo ndani ya simu alijiunga na kundi liitwalo Baraza la Mambo ya Ajabu. Ni watu wasiojuana, kila mmoja na kwao, wanaopeana habari za vituko, za sayansi na za kale, kisha wanazifanyia mzaha. Kwa watu hao asiowahi kuwaona, fundi huyu wa kunyamaza alikuwa mcheshi kuliko wote. Nyumbani mambo yalikuwa hivi.

"Kuna nini huko?" mkewe aliuliza, mvuke wa pasi ukimpanda usoni.

"Hutaelewa."

"Nieleze basi, nisipoelewa ni shauri langu."

Fundi alimtupia kichwa cha habari kama mtu anayemtupia kuku punje. "Pweza ana mioyo mitatu." Mke akajibu alichojibu, fundi asiinue hata uso. Dole gumba likaendelea kucheza juu ya kioo. Kisha akainuka, akashika kifua, akasema anatoka kukohoa. Alirudi macho yamelowa. Miaka kumi na moja mkewe alimchemshia tangawizi kwa ajili ya kikohozi hicho, na miaka hiyo yote aliamini anazungumza na ukuta. Alipomlalamikia shemeji yake, yaani huyu anayesoma, aliambiwa, "Shemeji, vumilia, kaka ni mtu wa fikra." Mwanamke akijibiwa hivyo anaweza kufanya nini? Alivumilia. Pasi ilikuwa ya moto na mashati yalikuwa mengi.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Alisikiliza mashine za watu maisha yake yote, ya kwake hakuiwekea sikio mpaka ikazima katikati ya kazi, akaletwa nyumbani kwenye mkokoteni wa kubebea majokofu. Alilazwa tarehe 3 Juni, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mkewe alishinda naye. Jumatatu jioni, tarehe 10, daktari alipomaliza kumpima, marehemu alimgeukia mkewe akasema, kwa sauti ile ile ya pweza, "Daktari anasema moyo wangu umepanuka."

Mkewe akamjibu. Jibu lenyewe litasemwa mwisho, lina mahali pake.

Marehemu alifumba macho, akashika kifua, akataka kuinuka. Hakuweza. Mkono ulikuwa umefungwa mpira wa dripu. Akabaki pale pale kitandani, na kile alichokuwa anakitoa nje miaka yote kikamtokea mbele ya mkewe: alicheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Alikuwa na kicheko chembamba, cha kupanda juu, kama cha mtoto aliyetekenywa kwapani. Mkewe alikuwa hajawahi kukisikia. Kisha mkono wake usio na mpira ukaanza kupapasa kitanda, unatafuta simu.

Mke aliona anaitafuta simu. Hata hapa? Hata leo? Aliichukua, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. "Lala," akamwambia. Fundi akamtazama, akafungua kinywa kama anayetaka kusema, akakifunga. Usingizi ukamchukua. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Sasa linakuja jambo ambalo shemeji alitaka liachwe nje ya wasifu huu. Yeye alikuwa ameshaandaa maneno yake kwa ajili ya kijitabu mlichoshika. Yalisema: "Marehemu alijaliwa kipaji kikubwa cha ucheshi." Mjane aliposomewa alisema maneno hayo yafutwe. Sababu ni hii.

Juzi watu wa Baraza walifika msibani. Walikaa chini ya turubai na waombolezaji wengine, na dereva mmoja wa lori, mtu wa tumbo na sauti, akaanza kukumbusha mizaha ya Mzee Barafu. Watu walitaka kufarijika, wakamsikiliza. Mjane alikuwa nyuma yao na wanawake wenzake, anapanga vikombe.

"Mnakumbuka ile ya nyota?" dereva alisema. "Mtu aliandika kwamba kuna nyota mwanga wake unachukua miaka elfu kutufikia. Mzee Barafu akajibu: basi hiyo nayo iliitwa na mkewe!"

Turubai likatikisika kwa vicheko. Mjane akasimama na kikombe mkononi.

"Na yule bwana aliyeandikwa kwa makosa kuwa amekufa?" muuguzi mmoja wa Baraza akadakia. "Akaenda ofisini kudai yu hai! Mzee akasema, wangemuuliza mkewe kwanza, pengine ofisi haijakosea!"

"Wacha hiyo. Ya pweza je?" dereva akafuta machozi. "Pweza ana mioyo mitatu. Mzee Barafu akasema..."

"Mitatu yote hiyo," mjane akamalizia kutoka nyuma, "na bado hana hata mmoja wa kumwambia mkewe pole."

Dereva aligeuka na kiti chake.

"Mama! Kumbe ulikuwa unatusoma kimyakimya?"

"Mimi sijui kusoma, mwanangu."

"Sasa umeijuaje?"

"Niliisema. Nilikuwa napiga pasi shati la karani wa mahakama, lile la mistari. Na ya nyota niliisema. Na ya aliyeandikwa kufa. Hebu nitajie nyingine."

Dereva akataja ya mfalme wa kale aliyezikwa na watumishi wake. Mjane akaimaliza: kumbe hata kaburini alihitaji wa kumpikia. Muuguzi akataja ya ulimwengu unaopanuka. Akaimaliza hiyo pia: upanuke tu, ila chumba hiki mbona umekiruka? Walipofika ya kumi hakuna aliyecheka tena. Muuguzi alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Dada," akasema, "sisi miaka yote tulikuwa tunachekeshwa na wewe."

Ndipo mpangaji wa nyumba ya jirani, bibi asiyekuwa na habari za simu wala Baraza, akaongeza la kwake. "Mimi nilijua mna raha sana humo ndani. Mzee alikuwa anatoka nyuma huko, anashika ukuta wa bafu, anacheka mpaka anachuchumaa."

"Alikuwa anakohoa," mjane akasema.

"Kukohoa nini, mama wee! Mimi kicheko sikijui?"

Wapo waliomwambia mjane ashukuru, kwamba mume alimsikiliza kuliko waume wote, na kwamba kila neno lake alilihifadhi. Huenda. Yeye ameombwa kusema kweli, na kweli ni kwamba anaona uchungu. Mtu akichuma mchicha wa jirani akaupika vizuri, bado kuna mwenye bustani. Fundi hakuwa na haja ya kumtangaza dunia nzima. Angeinua uso tu mezani akasema, "Umenichekesha." Neno moja. Lingetosha miaka kumi na moja, na tangawizi ingebaki sokoni.

Kwa hiyo kijitabu kimerekebishwa, na ukurasa wa pili sasa unasomeka hivi: marehemu alijaliwa sikio zuri, na mke mcheshi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, ndugu wanne, wanafunzi wake wa ufundi, watu wa Baraza la Mambo ya Ajabu, na majokofu matano yaliyobaki karakanani, ambayo wenyewe wanaombwa waje wayachukue. Penseli aliyoinunua mwaka wa ndoa yao ameichukua binti yake mkubwa. Masomo yanaanzia ca, ce, ci, co, cu, na mwalimu ameonywa kuhusu Jumamosi. Mwanafunzi ameshauliza hizo "ca" zina kazi gani, akajibiwa hazina, zirukwe.

Limebaki lile jibu la hospitalini. Watu wa Baraza hawajalisikia, maana simu ilikuwa mkobani. Marehemu alisema moyo wake umepanuka. Mkewe akamwambia: "Basi mwambie daktari achungulie vizuri, huenda nafasi yangu imepatikana."

Hilo ndilo lililomchekesha bila kutoka nje. Mnaotaka kulipeleka kwenye simu zenu, lipelekeni, na mseme ni la nani.

Nenda salama, Fundi Barafu. Mungu akulaze pema, pasipo na kikohozi. Na huko uliko, mtu akikuchekesha, cheka mbele yake.