Changu Mzima wa Kuchoma

Katika basi la kutoka Mombasa, Nzomo aliwasikia kina mama wawili waliokaa mbele yake wakizoeana. Wamaitha ndiye aliyekuwa na maneno mengi. "Sisi tulikula pweza na kamba mpaka tukachoka! Na nyinyi?"

Kalunde, mama wa Kilungu, akamjibu. "Mzee wangu aliniahidi akistaafu atanipeleka nikule samaki ametoka baharini saa hiyo hiyo."

"Na amekupeleka! Mungu ni mwema."

"Amenipeleka. Lakini koo yake iko na kansa, hata uji inamshinda. Tukaletewa changu mzima wa kuchoma. Akaniambia, kula, mimi nitakuangalia. Nikakula yote, nikimeza na machozi. Akaniuliza kama ni tamu. Nikasema ni tamu."

Wamaitha akamshika bega.

"Sasa anasema turudi Desemba, na yeye akule," Kalunde alinong'ona. "Daktari aliniambia mimi peke yangu, hiyo Desemba hataiona."

Basi likasimama Malili. Kalunde akainuka, akamwamsha mzee wake aliyelala kiti cha ng'ambo, akamshika mkono mmoja. Nzomo akamshika mkono wa pili, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi.